Bakuli la Fedha kwenye Mnada wa Mavuno

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la nne, nikaanza kuokota vyuma chakavu kwa miguu pale Tunduma, na leo nina yadi yenye geti na mizani ya kupimia tani mbili. Nimeletewa kitanda cha hospitali, propela ya ndege, kengele ya shule ikiwa bado na kamba yake. Sikuuliza mtu. Nilisema tu, weka kwenye mizani.

Bakuli nalo lilikuja hivyohivyo. Jamaa mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alilichomoa katikati ya sufuria mbovu, akaniambia, "Mudala, mzee wangu, hii si bati." Nikalishika. Fedha naijua hata nikifumba macho: ni nzito kuliko ukubwa wake, na ukiigonga kwa ukucha inaimba. Pembeni kote palikuwa na vitembo na majani, vimegongwa kwa nyundo kutokea ndani, kazi ya mkono wa mtu. Hapakuwa na tembo wawili waliofanana. Kitu cha namna hiyo huyeyushi. Nililisugua kwa jivu la magunzi na limau mpaka likang'aa, nikasema hili ndilo nitakalotoa Sikukuu ya Mavuno kule kijijini kwetu Ruanda, wajue mtoto wa mjane amefika wapi.

Kwetu sadaka ya mavuno si bahasha. Kila mtu anabeba alichonacho mpaka mbele, debe la mahindi, kahawa, jogoo, na ibada ikiisha vyote vinapigwa mnada uwanjani. Mwenye uwezo akishinda, haondoki na kitu. Anakirudisha kinadiwe tena, au anampa mchungaji. Na mfalme wa kurudisha ni mimi. Kuna mwaka jogoo mmoja nilimnunua mara tatu, na bado akaishia kwa mchungaji.

Basi siku hiyo niliinua bakuli juu, nikatangaza, "Nimetengenezesha kwa fundi, maalumu kwa nyumba ya Bwana!" Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na vigelegele vikayapokea.

Binti yangu yuko chuo, anasoma mambo ya historia. Ibada ilipokwisha alisogea mezani akaligeuza bakuli, na nikaona uso wake unabadilika. Akanivuta nyuma ya gari.

"Baba, lile bakuli umelipata wapi?"

"Si nimesema? Fundi."

"Baba. Chini kuna namba nyekundu, ndogo, zimeandikwa kwa mkono na kupakwa vanishi juu yake. Makumbusho ndivyo wanavyoandika vitu vyao. Chuoni tumefanya mazoezi ya kuziandika."

Namba nilikuwa nimeziona. Nilidhani ni za kiwandani. Nilizisugua kwa lile jivu zikakataa kutoka, nikaishia kuisifu rangi ya zamani.

"Labda waliliuza," nikasema.

"Makumbusho hawamuuzii mtu wa sufuria, baba."

Wenzangu wawili wa vyuma chakavu wako jela kwa mataruma ya reli, na wao pia walisema hawakujua. Tena mimi nimetangaza mbele ya watu mia tatu kwamba nimetengenezesha! Nikisema ukweli sasa, ni mwongo wa madhabahuni. Nikinyamaza, atalinunua mtu aliweke kabatini, na siku mgeni mwenye macho kama ya binti yangu atakapoligeuza, wataulizana lilitolewa na nani, na vidole mia tatu vitanielekea. Ilibaki njia moja: nilinunue mwenyewe, lirudi lilikotoka.

Mzee wa kanisa anayenadi ana sauti ya tarumbeta. "Bakuli la tajiri! Nani anaanza?"

"Laki moja!" nikapayuka kabla hajafunga mdomo. Watu wakacheka.

Kaka wa mke wangu, mkulima wa kahawa ambaye hajanisamehe kumwoa dada yake nikiwa na baiskeli tu, akainua kofia yake. "Mbili."

"Tatu."

"Nne. Shemeji, mbona jasho? Umetoa mwenyewe, unanunua mwenyewe?"

"Tano."

"Jamani, leo anatetemeka!" akasema mama mmoja. "Huko Tunduma pesa zimekauka."

Nikamsogelea shemeji. "Niachie hili. Nakuomba."

"Unaniomba? Wewe? Miaka yote hujaniomba hata chumvi." Akageukia watu. "Laki sita!"

Pembeni alisimama askari wa kata, amekuja kusali na familia yake kama sisi, anammenyea mwanawe muwa. Akaacha kumenya, akalitazama bakuli. Pengine alipenda vile vitembo tu. Mimi nilisikia mlango wa mahabusu unafungwa nyuma yangu. Nikafumba macho, nikarukia kiasi ambacho uwanja ule haujawahi kukisikia.

Shemeji akavaa kofia yake.

Halafu wakaanza. "Rudisha! Rudisha!" Wengine, "Mpe mchungaji!" Mchungaji mwenyewe alikwishasimama, anatabasamu, viganja vimefunguka. Mzee wa mnada akaninyooshea mkono alipokee. Nililikumbatia tumboni kama mwizi wa mihogo, nikatembea mpaka kwenye gari bila kumtazama mtu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimsikia shemeji tu: "Kumbe alikuwa anatuonyesha, hakuwa anatoa."

Jumatatu binti aliandika barua, tukalipeleka wilayani Vwawa kwa afisa utamaduni. Nilieleza yote, mpaka uongo wa fundi. Kila mkono wake uliposogelea simu, niliupima mlango kwa macho. Aliligeuza, akaandika, akaligeuza tena, mwishowe akanipa karatasi yenye mhuri kwamba limekabidhiwa kwa hiari. Alisema wenyewe watatafutwa, na mimi nikiitwa nije. Mpaka leo sijaitwa. Simu ya namba nisiyoijua ikilia, namwachia mke wangu apokee.

Ruanda hawajui. Wakiniuliza bakuli liko wapi, nasema liko salama, na wanatazamana. Watajua wakisoma hapa, na shemeji naye ajue kwamba siku ile ningepanda hata zaidi. Ukijumlisha nilichompa mtu wa sufuria, mnada, na mafuta ya kwenda Vwawa, lilinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili na elfu hamsini na nane.