Salfa Haikuwa na Kosa

Sindano iliingia kwenye jicho langu la kushoto nikiwa chali, akili timamu, ganzi ya matone tu. Daktari wa macho, mama mpole, aliniambia, "Baba, tazama juu, usihame." Nihame niende wapi? Nilitulia kama mbuzi wa Idi aliyekwisha elewa. Ikafuata michirizi myeusi, ikiogelea kama viluwiluwi dimbwini.

Nilianza kuona ukungu msimu wa kupuliza mikorosho, shambani Nkowe. Huku kila mtu anajua salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inauma macho, nami nilikuwa na mashine mgongoni tangu alfajiri, unga mpaka kwenye kope. Nani angewaza kingine? Kaka yangu, bingwa wa kutibu asichokijua, akasema ninawe kwa maziwa. Muuza duka la dawa akanipa matone, yakiisha ananipa yaleyale.

Na kliniki ya sukari nilikuwa naenda kila mwezi. Tabibu ananichoma kidole, anaandika, anatia sahihi, anaita mwingine. Nilipomlalamikia macho, hakuinua uso kwenye daftari.

"Salfa hiyo, mzee. Vaa miwani."

Nikanunua miwani myeusi. Nikawa kipofu mtanashati.

Halafu siku moja, nikiwa juu ya baiskeli, jicho la kulia likajaa moshi mwekundu, kisha giza. Nikaingia mzimamzima kwenye ufuta wa jirani. Wakasema nimelewa, mimi nisiyeonja hata uraka.

Hospitali kubwa, siku nzima kwa basi, yule mama daktari akanieleza: sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya macho, inavuja. La kushoto litaokolewa kwa sindano kila mwezi, pengine na leza baadaye, mradi sukari ishuke. La kulia, utando wa ndani umekwisha banduka. Hata upasuaji hautalirudisha.

"Ungeletwa mapema, baba, huenda leza ingetosha."

Ungeletwa. Neno hilo nimelala nalo.

Chai yangu ya vijiko vinne naikubali, ni kosa langu. Kaka na muuza dawa nimekwisha watukana. Umebaki wewe, tabibu. Kadi yangu ninayo, sahihi yako kila mwezi, miaka miwili. Nionyeshe mstari mmoja ulioandika nipelekwe kupimwa macho. Kliniki ijayo nitakaa benchi la mbele na jicho langu moja, sitoki mpaka unijibu: siku zote zile ulikuwa unanipima nini?