Sufuria Iliyoachwa Motoni

Mafunzo yetu yalifanyika hotelini, na hilo peke yake lingetutosha kujua kwamba hayatafaa majumbani kwa watu. Mkufunzi alituletea kanuni: mtembelee mtoto aliyepatwa na mabaya ya vita nyumbani kwake, zungumza naye faraghani, na usile chochote kwa walezi wake. Faraghani! Mji wetu wa Uvira, huku Kongo, miaka ile nyumba moja ilibeba familia tatu, na ukiazima kiti kwa jirani, jirani naye anakifuata kiti chake ili asikie.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kwa tate mmoja wa karibu na ufuko. Tate ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Alikuwa analea mjukuu wake, msichana wa darasa la pili, aliyenyamaza kabisa tangu walipokimbia mapigano na mama yake akauawa. Mimi nakalia kiti cha kuazima, natoa vikaragosi vyangu vya kitambaa, mtoto ananionea huruma, majirani wanapiga makofi. Tate analeta ugali, nami nakataa kwa tabasamu nililofundishwa hotelini.

Siku moja akaniwakia.

"Weye unakuyaka hapa kila mara, hata mayi yangu haunywake. Minye niko mulozi?"

Nikajitetea kwamba simdhanii uchawi, ni kanuni ya kazi.

"Basi na minye niko na kanuni yangu. Dimanshi nitapeleka huyu mutoto ku chumba ya maombi. Iko na pepo. Kila nikipika, anazimisha moto."

Chumba hicho cha maombi nilikijua. Watoto walifungiwa humo bila chakula mpaka pepo awatoke, na huyu wa kwetu alikuwa tayari mifupa mitupu. Jumapili ilikuwa inakaribia. Niliogopa, tena nilikasirika, nikaitupa kanuni ya mkufunzi na kusema leo nitakula.

Tate akafurahi, akabandika mukeke, samaki wa heshima wa ziwa letu, kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Sufuria ilipoanza kutokota, mtoto akainuka, akachota maji kwa kopo na kuyamwaga juu ya makaa. Kisha akaifunga sufuria kwa kitenge, akajitwika, akasimama mlangoni kutusubiri. Tate akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi sikuona pepo. Niliona mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

"Siku mulikimbia," nikamuuliza tate, "mulikuwa munapika?"

Akakaa chini. Walikuwa wanapika maharage. Risasi zilipolia wakatoka mbio, na huko njiani yeye mwenyewe akamtuma binti yake arudi kuchukua sufuria, maana watoto watakula nini huko porini? Binti akarudi, na hapo ndipo alipouawa.

Hotelini hawakutufundisha kitu cha kusema hapo. Nikapendekeza tuwashe moto upya, tupike, halafu tukimbie wote mpaka bombani na sufuria tuiache, mtoto aone.

"Na mukeke yangu?"

"Itaungua."

"Weye ndiyo iko na pepo," tate akasema. Lakini akawasha moto.

Sufuria ilipotokota nikapiga ukelele, tukatoka: mimi viatu mkononi, tate na magoti yake mabovu, mtoto katikati yetu. Hakuna aliyewaonya watu wa ng'ambo ya barabara. Uvira ya wakati ule, ukimwona mtu anakimbia, huulizi. Mtaa mzima ukamwagika nje na magodoro na mbuzi, na mwanamume mmoja amebeba mlango wa nyumba yake. Huyo alinitukana mpaka ukoo wangu wote, na alikuwa na haki.

Tulipofika bombani, harufu ya samaki anayeungua ikatufuata. Tate akanusa. Mukeke ni mukeke. Akageuka, akapiga hatua ya kurudi.

"Tate, uache!"

Sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Mtoto alikuwa amekamata kitenge cha bibi yake kwa mikono miwili, anamvuta nyuma kwa uzito wake wote, uzito wenyewe haupo.

"Tate, usirudie kule! Tutakula mihogo. Usirudie!"

Bibi akaketi palepale kwenye matope ya bomba, akalia bila kujificha.

"Ni minye nilimutuma mama yako," akamwambia. "Minye. Haiko weye."

Mtoto akampangusa uso kwa kiganja. Tulirudi tukala kile ambacho hakikuungua, nami nikaomba niongezwe.

Jumapili sikwenda misa. Nilikwenda kwao asubuhi kuona kama wapo. Walikuwapo. Sufuria ilikuwa inatokota, na mtoto amechutama kando yake na kopo la maji mkononi. Akautazama moto kwa muda mrefu. Kisha akayanywa.