Mama Aliyeshindwa Kusubiri

Juzi nilikuwa nasubiri zamu kwenye duka la kutoa kopi hapa Mpanda. Mbele yangu alisimama mzee mmoja anayeandika na kuchora vitabu vya katuni kuhusu mfugaji mjanja. Alikuwa anamwambia dada wa mashine, "Nikimaliza hiki naacha. Miaka yote hii, hata sijui kama kuna anayesoma."

Mama mmoja wa Kisukuma, aliyetoka Mishamo, akachungulia zile karatasi. "Samahani baba, huyu mfugaji ni wewe unamtunga?"

"Ni mimi, mama."

Akapiga goti palepale. "Mwanangu alikuwa ananisomea hivi vitabu. Akifika patamu, anakimbilia shule, mimi nabaki na hamu. Nikaona siwezi kusubiri mpaka jioni, nikaanza kuunga herufi mwenyewe, polepole. Sasa hivi hata barua za kijiji nazisoma. Asante sana, baba."

Mzee akavua miwani, akaifuta.

Mama akainuka, akaweka kidole kwenye karatasi. "Ila hapa umeandika 'ngombe'. Umesahau kale kaalama ka juu."

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akaomba kalamu. "Kinachofuata nitakuletea ukikague kwanza," akasema.

Nimeandika safu hii miaka mingi, na wasomaji wangu hunipongeza. Nashukuru. Lakini kukosolewa na mtu aliyejifunza kusoma kwa maandishi yangu sijapata bado, na mzee yule namwonea wivu.