Fungu la Cucu

Juzi msichana wangu aliongoza darasa lake, na jirani akaniambia, "Wengine mna bahati." Niliendelea kuanika nguo, lakini, rafiki yangu, damu ilinichemka. Bahati gani? Mtoto anasoma mpaka analalia daftari. Neno hilo nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko yeye, hapa hapa Kiritiri, siku ya mbuzi.

Wakati huo nyumba saba zilikuwa zinanunua mbuzi mmoja wa sikukuu. Cucu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa mjane asiye na cha kuchanga, kwa hivyo mchango wetu ulikuwa mimi. Kiangazi kizima nilimchunga yule mbuzi, miguu imejaa miiba, nikimtikisia migunga ili maganda yamdondokee ale.

Siku ikafika. Mwenye bucha, Mwislamu wa mjini pale, akachinja. Muuza makaa, mmoja wa waliochanga, akapanga mafungu juu ya majani mabichi. Halafu, kama desturi, mwenye bucha akatugeuzia mgongo, ili ataje wenye mafungu bila kuona fungu nono ni lipi.

"Hili la nani?" muuza makaa akauliza, kidole juu ya nyama.

"La mwalimu," mwenye bucha akajibu bila kugeuka.

"Na hili?"

"La fundi wa baiskeli."

Mimi nilikuwa nahesabu, mate yamenijaa mdomoni. Mafungu yalikuwa sita.

"Na cucu je?"

"Mbuzi ni mdogo, toto," muuza makaa akasema. "Mwaka huu cucu yako hana bahati."

Watu wazima wakaangalia chini.

"Huyo mbuzi nimemchunga mimi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Haka kasichana kana mdomo," fundi akacheka.

Mwenye bucha akageuka. Hakuwa amewahi kugeuka kabla ya mafungu kuisha.

"Bahati ni neno la Waajemi," akasema polepole. "Waarabu wakalichukua, likashuka Pwani, likapanda mpaka huku. Limetembea hivyo ndio mje mlitumie kumnyima mjane nyama? Hata nasibu, kwa Kiarabu maana yake ni fungu. Fungu la mtu. Changanya yote, uanze upya. Saba."

Muuza makaa akachanganya, amenuna. Mgongo ukageuzwa tena.

"Hili la nani?"

"La cucu."

Nilipita katikati ya soko na ile nyama kichwani, polepole, makusudi, damu ikinidondokea shingoni. Cucu aliipika na ndengu. Kipande cha kwanza alinipa mimi, akangoja nimeze ndio naye ale.

Siku hizi nyama inapimwa kwa mizani, unafungiwa kwa karatasi, unaenda zako. Hakuna anayempa mwenzake mgongo ili amtendee haki. Mwenye bucha tulishamzika, na zile nyumba zimetawanyika. Lakini kila sikukuu baada ya ile, mpaka mwaka aliofariki cucu, mtu hakuhitaji kuuliza. Mafungu yalipangwa saba.