Ga ya Gari

Abdulsamad anatengeneza simu Langley Park, nje kidogo ya Washington. Hana duka. Ana meza moja na taa, kwenye kona ya duka la masanduku ya safari ninakofanya kazi mimi. Ni mtu wa Mombasa, mpole kupita kiasi. Kuna mteja amemwita Samuel miaka mitatu naye anaitika tu. Kiingereza chake ni cha kazi: kioo, betri, kesho. Na neno moja zaidi, analouliza kila simu inapoletwa bila risiti: "Stolen?" Yaani, ya wizi?

Mwaka jana ikamjia barua ya kumwita atoe ushahidi. Kampuni mbili kubwa za simu zilikuwa zinashtakiana. Moja ilidai kifuniko kinachozima kioo kikifungwa ni wazo lake, na mwenzake ameiga. Ya pili ikajibu kwamba wazo hilo lilikuwepo zamani, na ushahidi wake ni video aliyopiga mteja mmoja Mombasa. Humo Abdulsamad, kijana bado, anafunga kifuniko cha ngozi alichokitia sumaku, simu inazimika, anafungua, inawaka.

"Simu zenyewe huwezi kuzinunua," nikamtania, "kazi yako kuzipasua matumbo. Leo unaziamulia ugomvi!"

Hakucheka. "Ndugu yangu, maombi yangu ya uraia yako serikalini. Fomu ile inauliza kama umewahi kufanya kosa, hata kama hukukamatwa. Mtu kama mimi ataendaje mahali wanapoandika kila neno?"

Lakini wito ule haukuwa wa kukataa. Nikamsindikiza hadi ofisi ya mawakili, Washington. Kwenye lifti alisoma dua mpaka milango ikafunguka. Mimi niliachwa nje na koti lake; yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe.

Chumbani walikuwa mawakili sita, kamera, mwanamke wa kuchapa maneno yote, na mkalimani, Bi Bupe, Mkongo wa Lubumbashi.

"Papa, usiogope," alimwambia. "Utasema tu ile unajua, miye nitaigeuza."

Akaapishwa. Wakili akauliza: wazo la sumaku alilipata wapi?

"Palikuwa na fundi jirani yangu, Festus. Alikuwa anatoa sumaku kwenye spika mbovu, anafungia vifuniko vya redio. Nami nikamuiga."

Bi Bupe akageuza. Katikati ya Kiingereza kile Abdulsamad akasikia neno analolijua kuliko yote. Stole. Mawakili wakainua vichwa. Vidole vya mchapaji vikapita juu ya mashine, tiki tiki, vikatulia.

Maishani mwake hakuwahi kumkosoa mtu mbele za watu, seuze mwanamke aliyemwambia asiogope. Akajiambia labda hakusikia vizuri. Kisha likaja swali la pili.

"Papa, wanauliza, huyo Festus ulimwibia mara ngapi?"

"Sikumwibia!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilimuiga. Ga! Ga ya gari. Siyo ba ya baba."

Bi Bupe akajishika mdomo. "Mungu wangu! Pardon, papa. Kwetu kuiga hatusemi, tunasema kufwatisha."

Akawaeleza mawakili kosa lake. Mmoja wao, wa ile kampuni iliyodai kuigwa, akacheka, na Bi Bupe akamgeuzia: "Anasema, humu ndani huu ni mwaka wa tatu wanabishana kama hayo mawili yana tofauti."

Wote wakacheka isipokuwa Abdulsamad. Akaomba lile neno la kwanza lifutwe. Mchapaji akatikisa kichwa. Hakifutwi kitu, sahihisho huandikwa chini yake.

Wiki tatu baadaye zikaja karatasi za kutia sahihi. Binti yake, Tasnim, alimsomea palepale mezani, kati ya bisibisi. Ukurasa wa arobaini, mstari wa saba: ameiba. Mstari wa kumi na tisa: hapana, ameiga.

"Baba, it's fine. They fixed it."

Abdulsamad akahesabu mistari kwa ncha ya bisibisi. "Na afisa wa uraia akiishia wa kumi na nane?"

Tasnim akamsogezea kalamu. Baba yake akatia sahihi.

Tarehe ya usaili wake wa uraia haijatoka bado. Siku hizi simu ikiletwa bila risiti, lile neno halitamki tena. Anauliza, "Yours?", yaani ni yako, kwa sauti ya chini, halafu anautazama mlango.