Hodi, Naomba Chumvi

Enzi zetu hakuna mtoto aliyechapwa peke yake. Nalisema hili kwa sababu wenzangu wa rika langu wakikutana harusini au msibani, chai ya pili ikishamiminwa, lazima waanze kusifia fimbo. Sie tulichapwa na tukanyooka. Watoto wa siku hizi ni wa geti kali, ukiwapulizia tu wanaugua. Nami hucheka nao, maana vichekesho vipo kweli. Nina mjukuu wa chekechea ambaye ukimkemea anakutazama usoni na kukuuliza, "Bibi, kwani una hasira na mimi?" Enzi zetu swali la namna hiyo ungelimalizia chini ya kitanda. Lakini wakianza kuisifia fimbo, naona wanasimulia nusu ya habari.

Tulikulia Mtoni, Temeke, kwenye nyumba ya kupanga yenye korido katikati na vyumba huku na huku, kila mlango na pazia lake. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka miguu ikawa ya rangi ya mchanga, huku uani mama zetu wakipika wakiwa wamepanga majiko kwenye mstari mmoja. Ukikaanga dagaa, nyumba nzima inajua. Ukichapwa, nyumba nzima inajua vilevile. Baba yetu alikuwa seremala, mtu wa Masasi, mpole wa maneno na mkali wa mkono. Fimbo yake ya mkwaju ilikaa juu ya fremu ya mlango, na mama akifuta vumbi aliinyanyua akairudisha palepale, kama chombo kingine chochote cha ndani. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," baba alikuwa akisema, huku mkono umeshapanda kuitafuta bila hata kuangalia.

Hapo ndipo alipokuwa akiingia Mama Tunu, muuza vitumbua wa chumba kilichotazamana na chetu. Hakuwahi hata siku moja kumwambia baba aache. Mwanamke wa chumba cha pili amwambie mwanamume namna ya kulea wanawe, tena mbele ya mkewe? Ingekuwa ugomvi wa nyumba nzima. Yeye alichukua kikombe chake cha bati, akakigonga kwenye fremu ya mlango wetu na kusema, "Hodi jamani. Baba Mwanaidi, naomba chumvi, yangu imeniishia." Na hodi, hata uwe umefura namna gani, huitikiwa. Baba ataitika karibu, na kwa kuwa mtu hamkaribishi mgeni huku kashika fimbo, ataiweka. Mama atachota chumvi. Mama Tunu naye atamgeukia mtoto kama vile ndiyo kwanza anamwona: "He, na huyu kafanya nini tena? Basi niazimeni, nina pa kumtuma." Anakushika mkono, mnatoka. Kwake unapewa kitumbua cha asubuhi, na kabla hujakimaliza unasemwa mpaka unaona afadhali fimbo.

Ndivyo vipigo vyetu vyote vilivyokwisha. Sie watoto tulijua kuwa Mama Tunu hana shida ya chumvi, na mama alijua. Kwamba baba naye alijua, hilo sikuligundua mpaka siku ya msiba wa Mbagala.

Siku hiyo watu wazima wote wa nyumba yetu, isipokuwa baba aliyekuwa kazini, walikwenda kuzika, wakatuacha watoto na uji kwenye sufuria. Mdogo wangu Rajabu, aliyekuwa na miaka saba, akateleza na wenzake kwenda kuoga kule nyuma kwenye mikoko, maji ya bahari yalipojaa. Tulikuwa tumekatazwa, na kwa sababu ya kweli: mtoto wa mtaa wa pili alikuwa ametolewa pale akiwa maiti. Baba alirudi kutoka kazini mapema kuliko kawaida. Akamkuta Rajabu amekaa kwenye kibaraza, mkavu, mpole kupita kiasi. Akamuuliza alikuwa wapi. Rajabu akasema madrasa.

Baba akamvuta karibu, akamkwaruza mguu kwa ukucha. Kipimo hicho wazazi wa pwani wote walikijua, kwamba mtoto aliyeoga bahari akishakauka, ngozi huandika. Ukatokea mstari mweupe wa chumvi, umenyooka. Baba aliutazama muda mrefu, uso ukambadilika. Leo naelewa kuwa alimwona yule mtoto wa mtaa wa pili, na kwamba ile ilikuwa hofu. Wakati ule niliona mkono unapanda juu ya mlango, basi.

Mwanzo kilikuwa kipigo cha kawaida. Rajabu alilia vilio vyetu vya siku zote, nimekoma baba, sirudii tena. Kisha akaanza kumwita Mama Tunu. Nilikuwa koridoni, nikageuka kuutazama mlango wa Mama Tunu. Kufuli. Baba akachapa, akasimama, akatazama pazia. Hapakuwa na mtu. Akachapa tena, akatazama tena. Jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kidevuni, na macho yake hayakuwa ya mtu mwenye hasira tena. Alikuwa anamsubiri Mama Tunu.

Hakujua kuacha. Miaka yote ile hakuwahi kumaliza kipigo mwenyewe, kilikuwa kinamaliziwa. Kuacha hivihivi, mtoto anamtazama, kwake kulikuwa ni kushindwa na mtoto. Kwa hiyo aliendelea, na kila pigo lilikuja zito kuliko la kabla yake. Sauti ya Rajabu ikaanza kupungua. Kelele zake nilizizoea, lakini kule kupungua kulinitia hofu ambayo sijaisahau.

Nilikuwa na miaka kumi. Kumwambia baba "acha" hakukuwamo kabisa katika maneno tuliyokuwa nayo. Nikakimbia uani, nikachukua kikombe cha kwanza nilichokiona, nikarudi kusimama nje ya pazia la chumba chetu wenyewe.

"Hodi," nikasema. "Naomba chumvi."

Fimbo ikasimama. Nikajua sasa ni zamu yangu. Kisha baba, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, akaitika, "Karibu."

Nilipoingia, fimbo ilikuwa imesharudi juu ya mlango. Baba akachukua kopo la chumvi akanimiminia, nyingi ikamwagikia miguuni mwake. "Haya, mpelekee," akasema. Hakusema nimpelekee nani. Nikamshika Rajabu mkono nimtoe, akapiga ukelele. Alikuwa amejikinga, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekwenda upande.

Tulikaa kwenye mlango wa Mama Tunu mpaka aliporudi msibani. Nikampa kikombe. Alikitazama, akamtazama Rajabu, akautazama mlango wetu. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Leo kweli ilikuwa imeniishia."

Baba ameshatangulia mbele ya haki, na ninampenda. Rajabu ni mtu mzima mwenye familia, na kwenye kundi la ukoo la simuni yeye ndiye wa kwanza kuandika, "Bila fimbo ya mzee tusingekuwa watu." Anaandika kwa mikono yenye kidole kimoja kisichokunjika.

Mimi siku hizi nakaa Chamazi. Nyumba yangu ina ukuta, na juu ya ukuta nimepanga vipande vya chupa kama kila mtu. Tumejenga, tunamshukuru Mungu. Jirani yangu, Mama Brayan, ni binti wa watu wa bara, mfanyakazi wa ofisini, mumewe yuko kikazi mkoani. Salamu zetu zilikuwa ni honi ya gari. Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika nguo niliposikia, "Andika! Si nimekwambia andika!" Halafu mlio mwembamba ambao si wa fimbo, ni wa waya. Mtoto mwenyewe hata darasa la kwanza hajafika. Mlio, kimya, mlio. Kile kimya cha katikati nilikitambua.

Nikajiambia, Mwanaidi, ya Ngoswe mwachie Ngoswe, siku hizi ukigonga geti la mtu unaitwa mmbea. Nikaendelea na nguo zangu. Sauti ya mtoto ikaanza kupungua.

Niliingia jikoni nikachukua kikombe. Umeme ulikuwa umekatika, kengele ya geti haikulia. Nikagonga kwa kikombe, lakini ni cha plastiki, hakikusikika. Ndani waya ukalia tena. Nikaokota jiwe, nikagongea.

"Nani?"

"Mie jirani yako, mwanangu. Hodi. Naomba chumvi."

Geti likafunguka kidogo. Kilemba kilikuwa kimemlegea, anahema, na waya wa chaji ameuzungusha kiganjani amesahau kuuweka. "Shikamoo, mama. Chumvi?"

"Marahaba. Yangu imeniishia."

"Mbona duka liko hapo kwenye kona, mama."

"Najua."

Alinitazama, akatazama kikombe, mwisho akautazama mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akakipokea kikombe, akaingia ndani, na geti akaliacha wazi.

Chumvi aliniletea Brayan, amekishika kikombe kwa mikono miwili, kamasi zinamshuka, miguuni ana mistari. Mama yake alikuwa nyuma yake, mikono mitupu. "Mama, naomba ukae naye kidogo," akasema. Brayan alikuwa ameshanishika pindo la khanga. Tulikuwa tumeanza kuondoka aliponiita. "Na ikikuishia tena kesho, uje."

Enzi zetu lilikuwa pazia tu, na mkono wowote uliweza kulisogeza. Siku hizi ni chuma, na komeo liko kwa ndani. Jumatatu nilikwenda sokoni nikanunua kikombe cha bati, nimekitundika karibu na mlango. Kile cha plastiki hakisikiki.