Mistari Sita ya Bernadetta

Basi lilipoipita Usagara, Bernadetta hakuijua tena njia. Alikuwa safarini tangu Kigali, na nyumba aliyokuwa akiiendea hakuwahi kuiona. Baba yake aliihamia baada ya kumzika mama, akaiacha Butimba na majirani wa miaka thelathini. Bodaboda ikampandisha Buswelu, katikati ya nyumba zisizopigwa lipu, ikamshusha kwenye geti la kijani. Paskazia, aliyemtunza mzee, alimpokea begi.

"Kumbukumbu inamtoka, dada," akanong'ona. "Ila kitabu hakijamtoka."

Kitabu chenyewe kilikuwa historia ya ukoo, ambayo mzee, Mwalimu Kahigwa, alikuwa akiichapa kwenye kompyuta. Kila asubuhi alisahau faili liko wapi, akaanza upya. Kurasa za kwanza zilishafika arobaini.

Bernadetta, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliogopa jambo moja: baba asije akamsahau na yeye. Akaandika skripti ya mistari sita. Mashine ikiwashwa, yenyewe ikuze herufi, ifungue faili, imfikishe mzee palepale alipoishia jana. Mstari wa mwisho ulicheza sauti yake aliyoirekodi: "Shikamoo Taata."

Asubuhi ya kwanza mzee alibonyeza kitufe, akaamkiwa.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaendelea na babu yake pale alipomwacha akipanda migomba.

Paskazia akacheka. "Mashine ina adabu kuliko wanangu!"

Zipo lugha ambamo mtu husalimiwa mara kumi kwa siku na asichoke. Shikamoo si hivyo. Ikishapokelewa imekwisha, mpaka kesho.

Siku ya nne Bernadetta alichelewa kuamka, akamkuta mzee keshaanza kazi. Akapiga magoti kama alivyolelewa.

"Shikamoo Taata."

Mzee alimtazama kwa ule upole wa kumtazama mgeni. "Mwanangu keshaniamkia leo. Haamkii mara mbili kama mlevi. Wewe binti wa nani?"

"Ni mimi, Taata. Bernadetta."

"Bernadetta yumo humu," akasema, akiigusa kompyuta. "Karibu chai, mama."

Mchana, mzee alipolala, Bernadetta aliifungua skripti aufute mstari wa sita. Paskazia alisimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Ukiondoka, nani atamwamkia?"

"Si upo wewe?"

"Mimi ananiitikia kijirani tu. Ile ya 'mwanangu' haitoki mpaka aisikie sauti yako."

Bernadetta alikaa na kidole juu ya kitufe. Kisha akalifunga faili bila kufuta kitu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kurudi kazini. Alimkuta mzee mezani, keshaamkiwa. Akapiga magoti, na hakutoa shikamoo.

"Naondoka, Mwalimu," akasema, kama wasemavyo watu baki.

"Safari njema, mama." Vidole vyake viliendelea kutafuta herufi. Pikipiki ikawaka getini. Bernadetta akapanda, wakashika njia ya stendi ya Nyamhongolo.